Harusi Themanini na Mbili na Diski ya Tera Nne

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nasema mapema, asije mtu akanisahihisha mambo ya kompyuta mbele za watu. Nitakayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, sebuleni kwa shemeji yangu, hapa hapa Gongoni. Asiyeamini aende akaulize. Mlango wa shemeji hauna kitasa tangu mvua za mwaka juzi, ataingia tu.

Marehemu mume wangu alikuwa mpiga video. Watu wengi wa mtaa wetu waliooana wakati watoto wangu wakiwa wadogo, walioana mbele ya kamera yake. Ilikuwa kamera ya kubebwa begani, nzito kama mtoto wa miaka miwili, na alivyoipenda kuliko watoto wa miaka miwili nisiseme. Mjini alikuwa na mtu wa kumshikia taa. Vijijini yule mtu wa taa alikuwa haendi, anasema hawezi kulala ghalani kwa watu. Kwa hiyo Lusu, na Nzega kote kule, na Urambo msimu ambao wakulima wameshauza tumbaku na kila nyumba inaozesha, taa nilishika mimi.

Alipofariki aliniachia sanduku la bati lenye kanda mia moja na tano. Wengine huachiwa mashamba.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo mtaniona nimechanganyikiwa kwa niliyoyafanya baadaye. Kanda za mjini hazina sauti ya mume wangu. Watu wa mjini walitaka muziki, kwa hiyo akirudi nyumbani alikuwa anafuta sauti yote na kuweka nyimbo juu yake. Bibi harusi analia machozi yanamwagika, wewe unasikia tarumbeta. Watu wa vijijini hawakuomba muziki. Walitaka waonekane wao na ng'ombe wao. Kwa hiyo kanda ishirini na tatu za vijijini zilibaki na sauti kama ilivyokuwa siku ile, na humo ndimo anamosikika akiongea nyuma ya kamera. Kwingine kokote duniani hayumo. Nilikuwa nalijua hilo na sikumwambia mtu. Si jambo la kumwambia mtu.

Kanda zikaanza kuota ukungu. Ukifungua kasha unaona utando mweupe. Na deki za kuchezea kanda za aina ile zimekwisha kufa mji mzima. Tulizunguka tukaambiwa ipo moja Urambo, kwa mkulima wa tumbaku ambaye marehemu alimpiga harusi zake mbili. Nikamfuata. Akasema, "Mama, deki chukua, lakini nimeshamwahidi mtu wa Dar es Salaam anayekusanya vitu vya kale. Ikifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, naifuata mwenyewe."

Vitu vya kale. Mimi nina gauni la umri ule ule wa ile deki na bado nalivaa.

Kompyuta ilikuwa ya shemeji, mdogo wake marehemu. Shemeji ni karani mstaafu. Amestaafu kazi, ukarani bado anao. Kompyuta yake ameifunika kitambaa cha kufuma, na ukipiga chafya karibu nayo anakutazama kama umetapika. Tulikubaliana kwamba kanda zote tutazihamishia kwenye diski moja kubwa, zikae pamoja kama zilivyokaa sandukuni. Nikaenda dukani karibu na soko nikanunua diski ya tera nne. Kwenye boksi imeandikwa nne. Nambari nne naijua.

Shemeji akafungua tumbo la kompyuta akaipachika. Kompyuta ikawaka, ikaleta kidirisha chenye maandishi ya Kizungu, ikasubiri.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Inauliza maswali ya kawaida, shemeji. Kama ofisini. Mgeni akija anaulizwa aandikwe daftari gani."

"Umejibu nini?"

"Nimejibu kilichozoeleka," akasema, akabonyeza haraka haraka kabla sijauliza kilichozoeleka na nani.

Mbonyezo ule muukumbuke.

Kuhamisha kanda si kama kuhamisha mchele. Kanda ya saa mbili inachukua saa mbili. Lazima iimbe yote, kompyuta inasikiliza na kuandika. Tukawa tunashinda sebuleni kwa shemeji tunatazama harusi. Nimeona wanaume ambao leo hawasalimiani na wake zao wanalishwa keki kwa vidole. Nimeona suti ambazo mwenye nazo angeuawa leo kwa kuzivaa. Majirani wakasikia, wakawa wanakuja kujitazama, na kila mmoja anataka yake iwekwe mbele. Shemeji naye alitaka yake. Basi tukaanza na mji. Vijiji nikaviweka mwisho, kama kawaida ya nchi hii, na kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Tulipomaliza kanda ya themanini na mbili, kompyuta ikakataa nyingine. Shemeji akavaa miwani.

"Imejaa."

"Imejaaje? Tera nne ziko wapi?"

Akabonyeza huku na huku, ikatokea picha ya diski kama ukanda wa kitenge, nusu moja ina mstari wa buluu, nusu nyingine mstari mweusi. Ya buluu imeandikwa mbili na kitu. Ukiigusa ile nyeusi haikubali chochote.

"Hii nyeusi ni nini?"

Shemeji akasogeza pua karibu na kioo. "Ni sehemu ambayo haijatambuliwa," akasema.

"Kwa hiyo ipo au haipo?"

"Ipo, lakini kompyuta haiijui."

"Kama wewe na wajibu wako," nikamwambia, na yeye ni shemeji yangu, utani huo ninaruhusiwa.

Habari ikatoka nje kabla yangu, mlango wenyewe ndio ule. Kila jirani akaja na tiba yake. Mmoja akasema ni virusi. Mwingine akasema bando limekwisha, wakati ile kompyuta haijawahi kuona mtandao tangu izaliwe. Mwalimu mmoja mstaafu akasema umeme wa mtaa wetu ni mdogo, hautoshi kuangaza mpaka mwisho wa diski, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima, maana amesoma.

Mimi sikutaka elimu. Nimeuza asali miaka mingi, najua debe linavyowekwa kipande cha gogo chini. Najua mchele unavyopimwa kwa kibaba kilichobonyezwa kitako. Mtu akikuandikia nne ukafika nyumbani ukakuta mbili, jina lake linajulikana. Zilikuwa zimebaki siku tisa deki irudi, na kanda zangu ishirini na tatu ziko nje zinaota ukungu. Nikajifunga kanga, nikachukua boksi la diski, nikawachukua na wanawake wawili wa kikundi chetu kama mashahidi. Ndivyo tufanyavyo sisi mtu akipunjwa: huendi peke yako, unakwenda na watu, na unataka kipimo kirudiwe mbele yao.

Mwenye duka ni mtu wa hapa hapa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara tangu enzi za misafara, mstaarabu, kofia yake nyeupe haina doa. Tulipoingia akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Pima."

"Nipime nini, bibi?"

"Diski uliyoniuzia. Pima mbele ya hawa. Nimenunua nne, nimepata mbili."

Akacheka. Hilo lilikuwa kosa lake. "Bibi yangu, diski haipunjwi kama mchele."

"Kila kitu hupunjwa," akadakia shahidi wangu mmoja, muuza vitumbua, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. "Hata kitumbua hupunjwa. Mimi mwenyewe napunja."

"Wewe nyamaza, unaharibu kesi," nikamwambia.

"Bibi, mimi naiuza imefungwa, sijaifungua. Siwezi kuchota nusu nikaacha nusu!"

"Ndiyo maana naitwa mjinga kwenye duka lako. Wajomba zako walikuwa wanapima nguo kwa mkono wa mtoto, leo wewe unaniambia hujui kuchota?"

Hapo watu walishajaa mlangoni. Maneno niliyoyasema baada ya hapo siyaandiki, mashahidi wanayo. Niliondoka na ushindi mkubwa na bila tera hata moja.

Njiani kurudi tulipita steshenari, kile kibanda cha kutoa kopi karibu na kwetu. Mwenye steshenari ni mama wa watoto watatu, wa tatu alikuwa anamnyonyesha huku anatoa kopi za vyeti vya watu. Muuza vitumbua akampa habari yote bila kuulizwa. Yule mama akauliza swali moja tu.

"Bibi, siku ya kwanza kompyuta iliuliza swali. Mlijibu nini?"

"Shemeji alijibu kilichozoeleka."

Akamhamishia mtoto titi la pili. "Basi mwenye duka hana kosa. Kompyuta iliuliza itumie daftari la zamani au jipya kuandikia nafasi za diski. Daftari la zamani nambari zake zinaishia tera mbili. Hata ukimpa diski ya tera ishirini, litahesabu mpaka mbili na kunyamaza. Nafasi ipo, bibi, ila hakuna nambari za kuiandikia."

Pale nilisimama. Si kwamba nilishangaa. Nililielewa jambo lile kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, na aibu ikanipanda kutoka miguuni.

Mimi ndiye mshika funguo wa vyombo vya shughuli vya mtaa. Sufuria, majamvi, sahani, vikombe. Mtu akiwa na harusi au msiba anakuja, naandika daftarini, anachukua, anarudisha vimeoshwa. Kila sahani ina nambari chini yake kwa rangi nyekundu. Sasa, katibu wetu wa kwanza, Mungu amrehemu, alipopiga mistari ya daftari aliweka vyumba viwili tu vya nambari. Mwisho tisini na tisa. Tulipochangishana tukanunua sahani nyingine mia moja, hazikuwa na pa kuandikwa, na kisichoandikwa hakitoki stoo, sheria niliitunga mwenyewe. Zile sahani zilikaa kwenye makasha yao misimu miwili. Harusi ikiwa kubwa, tunakwenda kuazima mtaa wa pili, na mimi nimeikalia stoo yenye sahani mia mpya. Watu waliniuliza, "Bibi, zile za ndani je?" Nikawa najibu, "Zile hazijaingia daftarini." Nusu nyeusi, basi. Nilikuwa nayo stoo kwangu.

Na tulipoamua kutengeneza daftari jipya, haikuwezekana kuongeza chumba cha tatu pembeni. Ilibidi sahani zote zilizoko nje zirudi, rangi ya zamani ikwanguliwe yote, tuanze moja.

"Kwa hiyo," nikamuuliza mama wa steshenari, "ili lije daftari jipya, kilichomo kitolewe chote?"

"Chote. Kubadili daftari kunafuta. Ipo njia ya kubadili bila kufuta, lakini mimi nimeona watu wakilia kwa njia hiyo. Siishauri kwa vitu ambavyo havipo kwingine."

"Na zile za zamani siwezi kuzihamisha tena kutoka kwenye kanda?"

"Themanini na mbili, kwa deki ya siku tisa?"

Alisema kweli. Tena nyingine tulizipitisha mara moja tu, utepe ukatoka umejikunja kama matumbo ya kuku. Harusi zile sasa zilikuwa ndani ya diski tu.

Nilikwenda kwa shemeji. Nikamweleza. Akasema hilo daftari jipya ni mambo ya vijana. Nikamwambia mwenye kulijua ana watoto watatu. Akasema, basi rahisi: tuiache diski na nusu yake, zile kanda ishirini na tatu tuziweke kwenye flashi.

"Flashi za nani?"

"Za majirani."

Nikazunguka. Siku nzima. Hapo ndipo nilipojua mtaa wangu. Kila niliyemwomba flashi aliuliza, "Kuna nini humo, bibi?" Nikisema harusi ya watu wa Lusu, flashi imeharibika. Imepotea. Ameichukua binamu. Mwanamke mmoja alikuwa nayo shingoni, imening'inia kwenye utepe, akaniambia hana. Nani atatoa flashi yake ibebe ng'ombe wa watu asiowajua? Walewale waliopiga kelele yao iwekwe mbele.

Nilirudi nikakaa kwenye kizingiti cha stoo ya vyombo, funguo mkononi. Nikafikiri: watu hawa hawanipi chombo kwa ajili ya wengine. Lakini chombo chao wenyewe hawajawahi kuacha kukifuata.

Asubuhi yake nikamtuma muuza vitumbua atangaze, na sauti ile haihitaji kipaza. Kila aliyepigwa harusi na marehemu aje na flashi kwa shemeji, achukue harusi yake, asipokuja leo au kesho inafutwa.

Mlango usio na kitasa ulitaka kung'oka. Flashi zilizoharibika zilipona. Zilizopotea zilionekana. Yule wa shingoni alikuja nazo tatu. Wengine walikwenda kununua mpya kwa yule yule mwenye duka niliyemtukana, akauza mpaka zikaisha. Mama wa steshenari akaleta kompyuta yake tusaidizane. Shemeji akawa ananakili, mimi nimekaa mezani na daftari la vyombo, ukurasa mpya, vyumba vitatu vya nambari. Naandika: harusi moja, imechukuliwa na nani, itarudishwa lini. Kila mtu anatia saini kama ya sufuria.

"Bibi, yaani harusi yangu naiazima?" mzee mmoja akauliza.

"Unaiazima. Uirudishe nzima."

"Na nikiirudisha imeoshwa?"

"Ukiiosha nitajua. Nilikuwepo."

Siku ya pili jioni zilibaki kumi na moja ambazo wenyewe wamehama au wamekufa. Hizo shemeji alizisukuma kwenye kompyuta yake, akafuta barua zake zote za ofisini alizotunza tangu alipostaafu. Kwa hilo nilimheshimu, na sikumtania siku ile.

Ikabaki kufuta diski. Mama wa steshenari akaweka mshale mahali pake. Shemeji akasema yeye habonyezi. Nikasema kama harusi za watu zinafutwa, nitazifuta mwenyewe, maana saini ziko kwangu. Nikabonyeza. Harusi themanini na mbili, miaka yote ya begani kwa mume wangu, zikaondoka kwa muda ambao mtu angetumia kumeza mate. Diski ikawa nyeusi yote. Swali likaja tena, lile lile. Yule mama akajibu: jipya.

Ukanda wote ukageuka buluu, mwanzo mpaka mwisho.

Kabla ya kuanza kazi, nilikuwa na jambo la kumaliza. Nilijifunga kanga ile ile, nikawachukua mashahidi wale wale, nikaenda dukani. Nililomtukania mbele ya watu, lazima nilirudishe mbele ya watu. Mwenye duka alipotuona alirudi nyuma ya kaunta.

"Sijauza diski nyingine, bibi, naapa."

"Nimekuja kusema diski yako ni nzima. Kosa lilikuwa la nyumbani kwangu. Maneno yangu nayarudisha yote, hata la wajomba."

Akaleta kiti. "Yameisha, bibi. Keti unywe soda."

"Na la kipimo cha nguo?" akauliza shahidi wangu.

"Hilo la nguo lilikuwa kweli," akasema mwenye duka, akacheka, na safari hii lilikuwa si kosa.

Tulirudi kwa shemeji nimeinua kichwa. Nikatazama kioo cha kompyuta, pale panapoandikwa jumla. Ilikuwa imeandika tatu, nukta, sita tatu.

Tatu. Si nne.

Muuza vitumbua alinitazama. Shahidi wa pili alinitazama. Shemeji alianza kukunja miwani yake polepole kama mtu anayehama. Mama wa steshenari akasema haraka haraka kwamba kiwandani wanahesabu kwa elfu kavu, kompyuta inahesabu kwa elfu yenye nyongeza, ni diski ile ile, pishi mbili tofauti. Wote wakawa wanasubiri kanga yangu.

Nilikuwa nimekunywa soda ya mtu. Nikakaa chini. "Inatosha," nikasema. Ni mara ya kwanza maishani kunyamazia kipimo, na sitarudia.

Zilibaki siku nne. Kanda ishirini na tatu, moja baada ya nyingine, asubuhi mpaka jua linapotua. Nilimwambia shemeji afunge sauti. Akashangaa. Nikamwambia kazi kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa nikisikia kidogo nitasema simamisha, na deki haikuwa na siku za kusimamishwa. Nikakaa namenya karanga, natazama midomo ya watu wa Lusu ikisema mambo bila sauti, na taa inayumba kila baada ya muda, nikajua ni mkono wangu uliochoka.

Jumamosi mwenye deki akafika mapema. Zilikuwa zimebaki kanda mbili, na zote ni zake, harusi ya kwanza na ya pili. Nikampa chai, nikamweka mbele ya kioo. Harusi ya kwanza aliitazama yote bila kugusa kikombe. Ya pili ilipoanza akaangalia saa.

"Hii hata isipoisha, mama, si neno."

"Itaisha," nikasema. "Ulitaka kuoa wawili, tazama wawili."

Alipoondoka na deki kwapani, sebule ilikuwa tupu kama baada ya arobaini. Shemeji akauliza afunike kompyuta. Nikamwambia bado. Fungua ile ya kwanza ya Lusu. Fungua na sauti.

Akafungua. Kwanza ilikuwa kelele tupu, upepo, nikadhani ukungu umekula sauti. Kisha wakapita bibi wawili wanasalimiana, "Mwangaluka," ng'ombe akalia, na karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya kiti changu, mume wangu akasema:

"Wewe mama, ondoka hapo, unamziba bibi harusi!"

"Niende wapi?" nikasema kwa sauti. "Taa si nimeishika mimi?"

Shemeji alitazama ukutani.

Zile harusi za mjini zinaendelea kurudi, moja moja. Daftari liko wazi kwa yeyote. Moja imerudi imekatwa mama mkwe wote, kuanzia anapoingia mpaka anapotoka, nimeikataa, nimesema iletwe nzima. Jirani mmoja bado hajarejesha harusi ya mke wake wa kwanza, anadai flashi imeliwa na mbuzi. Mbuzi huyo namjua, na mke wa pili namjua. Sahani hatoi stoo kwangu mpaka alete.

Lakini siku ile sikuwa na habari na daftari. Nilimwambia shemeji arudishe nyuma kidogo. Akarudisha. Nikafokewa tena. Nikamwambia arudishe.